Usinunue Filta, Tafuta Watu wa Kuhariri Nao Picha

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia ujumbe. "Dada shikamoo. Simu ninayo, programu za kuhariri picha ninazo, Snapseed na Lightroom, video za YouTube nimeangalia mpaka bando linakata katikati. Lakini picha zangu bado ni za kawaida tu. Kuna mtu anauza darasa pamoja na filta zake kwa elfu themanini. Ninunue?"

Marahaba mdogo wangu, na usinunue. Pesa hiyo weka bando, halafu tafuta watu wa kuhariri nao. Nimeona nijibu hapa kwa kirefu maana najua wengi mnaonisoma mna kiu hiyo hiyo. Mnataka siku moja picha yenu ikipita, mtu aseme hii kazi ya fulani, kabla hata hajasoma jina.

Ninaposema watu simaanishi wafuasi. Namaanisha kundi dogo linalofanya zoezi la pamoja kila wiki. Letu liko Telegram. Wamo wa Dar, wa Tanga, wa Mombasa, wa Bujumbura, na mzee mmoja Mzanzibari anayeishi Muscat. Kila Jumatatu mmoja wetu anaweka picha moja ambayo haijaguswa. Kila mtu anaishusha na kuihariri anavyoona yeye. Ijumaa usiku mlango unafungwa, na Jumamosi picha zote zinawekwa pamoja tunaanza kuzizungumza. Ambaye kazi yake imependwa zaidi anapewa jukumu la kutafuta picha ya wiki inayofuata. Zawadi nyingine hakuna.

Kwa nini picha moja kwa watu wote? Kwa sababu picha yako mwenyewe unaihariri pamoja na kumbukumbu zako. Unajua jua lilikuwa linachoma siku ile, unajua mtoto alicheka kabla hujabonyeza, kwa hiyo unaona vitu ambavyo kwenye picha havipo. Picha ya mwenzio haina kumbukumbu yako hata moja. Unabaki na kilichomo tu. Na matokeo yakitofautiana, huwezi kusema fulani ana kamera ya bei kubwa, maana wote mmeanza na faili lile lile.

Nitoe mfano mmoja. Kuna wiki tulipewa picha iliyopigwa Mji Mkongwe baada ya magharibi. Muuza kahawa amekaa kwenye baraza, dele liko mbele yake juu ya makaa, vikombe vimo kwenye beseni la maji. Nyuma yake kuna duka lenye taa ya tyubu. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu picha ina mianga miwili inayogombana. Tyubu inatoa ukijani ambao macho yetu yameshauzoea hayauoni, lakini kamera inauona. Makaa yanatoa rangi ya chungwa. Ukivuta joto la rangi kuelekea bluu ili upunguze chungwa, ukuta unapoa mpaka unakufa. Ukilivuta kuelekea njano, mzee mzima anageuka chungwa pamoja na kanzu yake.

Mmoja wetu aliondoa rangi zote akaifanya nyeusi na nyeupe, ugomvi ukaisha. Dada wa Mombasa alikata karibu kila kitu akabakisha mkono, dele na kikombe kimoja. Sikuwahi kufikiria kukata picha kwa ujasiri ule, na tangu hapo kila picha ninayoifungua najiuliza kwanza nini kinaweza kutoka. Kijana wa Bujumbura alishughulika na waya wa umeme uliokatiza ukutani, akaufuta kipande kwa kipande mpaka chokaa ikaungana.

Mimi niliigawa picha. Upande wa ukuta nilipita na brashi, nikaupunguza ukijani kwa kuongeza majenta kidogo, ile rangi ya kati ya waridi na zambarau, maana majenta ndiyo inayoiua kijani. Upande wa makaa joto sikuligusa. Nilipunguza tu ukolezo wa chungwa usoni, yaani ukali wa rangi yenyewe, ili mikunjo ya uso wa mzee isipotee. Kanzu nikaiacha na kauvuguvugu kake. Jumamosi yule mzee wa Muscat akaandika: "Kanzu ni hii. Magharibi ya Unguja kanzu haiwi nyeupe pepe, inakunywa rangi ya ukuta." Picha yangu ndiyo iliyochaguliwa wiki hiyo, lakini ujumbe ule ndio niliouhifadhi, na ninao mpaka leo.

Ulinigusa kwa sababu. Kabla ya kundi hili nilifanya kazi kwenye studio ya picha za harusi, jina lake niliache. Kanuni ya pale ilikuwa kila uso ung'arishwe. Bibi harusi akiwa maji ya kunde anatoka mweupe, akiwa mweusi anatoka maji ya kunde, na ngozi inalainishwa mpaka haina hata kinyweleo. Nilibisha. Bosi akaniambia, mbele ya wenzangu na mbele ya wateja waliokuwa wanasubiri pasipoti, kwamba mimi sina jicho, nikae kwenye meza ya kukata picha za pasipoti. Nikakaa huko. Siku moja akaja mama mmoja na albamu ya harusi ya mwanawe. Hakugomba. Aliifungua katikati, akaweka kidole kwenye shavu la bibi harusi, akauliza: "Alama yake ya kuzaliwa iko wapi?" Ilikuwa imefutwa, na faili za asili nazo zilikuwa zimeshafutwa. Bado naumia nikikumbuka alivyoifunga ile albamu, na sitaki kudanganya kwamba nimesamehe.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko studio moja. Kodak walikuwa wakizipelekea maabara za kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke wa kizungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley, na rangi zikawa zinapimwa kwa ngozi yake. Sisi weusi tukawa tunatoka meno na macho tu. Zama zile zimepita, lakini kamera bado hupima mwanga kwa kudhani kwamba ukichanganya vyote vilivyo mbele yake utapata kijivu cha katikati. Mweke bibi harusi mweusi ndani ya shela jeupe: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, uso unazama gizani. Dawa yake ni kuuinua uso peke yake, taratibu, na kushusha weupe wa shela. Kwenye Lightroom ingia kwenye rangi moja moja uguse chungwa, kwa sababu ngozi zetu nyingi zinakaa hapo. Ongeza mwangaza wake kidogo, punguza ukolezo kama ngozi imewiva mno. Na ule mng'ao wa kwenye paji la uso na mfupa wa shavu uache. Ngozi nyeusi inapata umbo lake kwenye mng'ao. Ukiufuta kwa kudhani ni jasho, umeuacha uso bapa.

Haya sikuyapata kwa bosi wala kwenye darasa la kulipia. Niliyapata Jumamosi hadi Jumamosi, kutoka kwa watu ambao wengi wao sijawahi kuonana nao. Na leo harusi ninazopiga ni zangu, wateja wanatumwa na wateja, na sijamng'arisha mtoto wa mtu hata mmoja. Naliandika hilo kwa fahari.

Lakini kundi lolote tu halitoshi. Nilipitia mengine kabla ya hili, na mengi yalikuwa ya kuchekana: mtu anaweka kazi yake, wanamwagika watu na vikaragosi vya kicheko, kesho yake amejitoa. Mengine yalikuwa ya kusifiana, "kali sana", "moto", "mbaya sana hii", na hakuna anayejua kali kwa sababu gani. Yote mawili hayakufundishi. Kundi letu lina adabu yake, na nadhani ndiyo siri yake. Unaanza kwa kusema jicho lako lilienda wapi kwanza ulipoifungua picha. Kisha unamuuliza mwenzio alikusudia nini. Ndipo unasema wewe ungefanyaje. Mwenye picha naye anaeleza hatua zake, alianza wapi akaishia wapi. Hakuna kitu kilichonifundisha kama kulazimika kuandika kwa maneno kwa nini nilishusha vivuli kabla ya kukata. Kama huwezi kueleza kwa nini ulikivuta kitu, ulikuwa unabahatisha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kutoa kazi yako kila wiki. Wa pili ni huo huo. Kuna wenzetu wanashusha picha kila Jumatatu na hawapandishi kitu Ijumaa, wanasubiri waive kwanza. Utaivia wapi, ndugu yangu, kama moto wenyewe unaukimbia? Mficha uchi hazai. Toa hata ile ya dakika kumi uliyoihariri kwenye daladala. Toa hata wiki uliyochoka. Macho ya wenzio yakishaipita picha yako, na wewe unaiona upya, wakati mwingine kabla hata hawajasema neno. Na ukishatoa, kaa usome waliyoandikiwa wengine, usisome ya kwako tu ukaondoka. Tunapenda sana kazi zetu zisemwe na hatupendi kuzisema za wenzetu kwa uangalifu, na huo ni uchoyo, tuuache.

Mambo ya ufundi nitayapitia haraka. Kabla hujaanza, zima ule mwanga wa njano wa usiku kwenye simu, na usihariri huku kioo kikiwa kimewashwa mpaka mwisho, la sivyo picha itatoka giza ukienda kuichapisha. Usitume kazi kama picha ya kawaida ya WhatsApp, itume kama faili. WhatsApp hubana picha, na hata ile HD waliyoileta 2023 inabana pia, mwenzako akipokea anahukumu kitu ambacho si chako. Kama simu yako inaweza kupiga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, piga RAW. JPEG, lile faili la kawaida la picha za simu, inabeba ngazi 256 tu za kila rangi ya msingi, wakati RAW ya kamera nzuri, ya biti 14, inabeba 16,384. Tofauti utaiona kwenye anga la jioni: ukilivuta la JPEG linakatika mistari mistari. Mwenye kompyuta asisingizie bei ya programu, GIMP na darktable ni za bure.

Na ruhusa. Picha inayoingia kwenye zoezi ni lazima aliyepigwa awe amekubali kwamba watu wengine wataihariri, na haitoki nje ya kundi bila ridhaa yake. Picha za watoto hatupokei. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya wana yao ya 2019, lakini hata kabla ya sheria, uso wa mtu ni wa mwenyewe.

Kinachotusumbua sasa hivi ni akili mnemba (AI). Tangu programu kubwa zianze kuongeza vitu ambavyo havikuwepo kwa kuandika maneno tu, swali limekuwa linarudi kila mwezi: inaruhusiwa? Kuna zoezi la jahazi lililopigwa Bagamoyo, kamera ikitazama baharini, mwanga wa jioni unafifia. Mwenzetu mmoja mpya akaongeza mwezi mwandamo juu ya tanga. Ulipendeza, na watu wakaanza kuusifu. Mzee wa Muscat akauliza kwa upole kabisa: "Kijana wangu, bahari ya Bagamoyo iko upande gani?" Iko mashariki. Mwezi mwandamo unaonekana magharibi, kule linakotua jua, yaani nyuma ya mgongo wa aliyepiga picha. Tena ulikuwa umesimama wima kama unavyoonekana nchi za mbali kaskazini, na sisi huku karibu na ikweta tunauona umelala chali. Yule kijana hakuona aibu. Alicheka, akashukuru, akaleta nyingine kabla ya saa sita usiku.

Wapo waliosema ni mambo madogo, mbona hata magazeti makubwa yamefanya. Ni kweli yamefanya. Februari 1982 National Geographic walizisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zienee kwenye jalada la wima, na lawama zake zinasimuliwa hadi leo. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kukataa. Kupunguza ukijani wa tyubu ni kumrudishia mtazamaji kile ambacho jicho lingeona pale barazani. Hata waya wa umeme bado nina wasiwasi nao, na nilimwambia kijana wa Bujumbura hivyo. Kuongeza mwezi ni kumwambia mtu habari ya usiku ambao haukuwahi kuwepo, na kumfuta bibi harusi alama yake ya kuzaliwa ni ndugu yake huyo huyo.

Tulipiga kura. Waliopita ni wanaotaka akili mnemba itengewe wiki yake, moja kila mwezi, na kila aliyeitumia aandike ameongeza nini. Mimi nilipiga ya kuizuia kabisa, nikashindwa. Swali likirudi, nitapiga vilevile.