Kabla ya Kukata Tiketi: Pikipiki, Milima na Misimu ya Asia ya Kusini-Mashariki

Wanaojiandaa kwenda kuendesha pikipiki Vietnam, Laos na Thailand huniuliza swali moja kuliko yote: niende mwezi gani? Swali hilo halina jibu. Kutoka Da Lat, kusini, hadi Ha Giang mpakani mwa China ni zaidi ya kilomita 1,500 za barabara, na mwezi ulio mtamu upande mmoja ni balaa upande wa pili. Swali la kujiuliza ni mlima upi hutaki kabisa kuukosa. Ukishaujua, weka tarehe yake kwanza, halafu hesabu kurudi nyuma mpaka siku ya kuondoka nyumbani.

Mtu wa pwani yetu anazijua tayari pepo zinazoendesha mambo kule, hata kama hajui kwamba anazijua. Kusi inayovuma Mombasa na Zanzibar katikati ya mwaka haiishii Lamu. Ikifika Somalia inapinda, inavuka Bahari ya Arabu ikizoa maji, na mfumo huo unafika hadi Laos na Thailand ukiwa mvua. Kaskazi ni mfumo uleule uliogeuka: hewa baridi na kavu inashuka kutoka bara la Asia. Ndiyo maana kule, kwa jumla, Mei hadi Oktoba ni mvua na Novemba hadi Aprili ni ukavu.

Wageni wengi wanaishia hapo na kukata tiketi. Usikate bado. Kuna vitu viwili vinavyoivuruga kanuni hiyo: safu ya Truong Son, na moshi.

Truong Son ndiyo safu iliyolala kati ya Vietnam na Laos. Upepo ule unaoikausha Laos kuanzia Oktoba unapita kwanza juu ya Bahari ya Kusini ya China, unanyonya unyevu, kisha unagonga milima kutoka mashariki na kumwaga kila kitu Hue na Da Nang. Aliyepanda Kilimanjaro ataelewa haraka: Machame umelowa chapachapa, Rongai upande wa pili vumbi. Kwa hiyo Oktoba na Novemba, wakati Luang Prabang, kaskazini mwa Laos, kunapendeza, Vietnam ya kati iko kwenye miezi yake mibaya kuliko yote. Oktoba 2020 mafuriko na maporomoko yalifuatana huko wiki baada ya wiki. Katikati ya mwaka mambo yanapinduka: upepo wa magharibi unamaliza mvua yake Laos, unavuka safu na kushuka upande wa bahari ukiwa mkavu na moto kama pumzi ya tanuri.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mgeni anasoma kwamba Ha Giang ni pazuri Oktoba, na ni kweli. Anaanzia kaskazini, anashuka polepole kuelekea kusini, na Novemba anajikuta njia panda ya Hue, maji mpaka kwenye plagi. Ukishamaliza kaskazini mwezi huo, usishuke pwani. Rudisha pikipiki Hanoi, panda ndege au basi uende Luang Prabang, ukodi nyingine. Kuvuka mpaka na pikipiki ya kukodi ni kichwa kuuma: karatasi, kituo kimoja kinakubali na kingine kinakataa, na Thailand tangu 2016 imebana sana magari ya kigeni. Mimi namshauri mgeni akodi upya katika kila nchi. Inagharimu kidogo zaidi lakini unalala usingizi.

Sasa kaskazini mwa Vietnam kwenyewe, maana ndiko wengi mnakotaka kufika. Wiki za mwisho za Septemba mpunga wa kwenye matuta ya Mu Cang Chai unakuwa wa dhahabu, na kufikia mapema Oktoba unavunwa. Oktoba na Novemba, kwenye uwanda wa mawe wa Dong Van huko Ha Giang, maua ya nafaka iitwayo buckwheat yanageuza miteremko kuwa ya waridi. Hewa imetulia, barabara zimekauka, na kutoka juu ya Ma Pi Leng, kipito cha mlimani, unaona mto Nho Que chini kabisa, kijani kibichi. Barabara inayopita hapo ilichimbwa kwa mikono kati ya 1959 na 1965, na kipande cha Ma Pi Leng kilichongwa na vijana waliofungwa kamba kwenye jabali. Ukifika, zima injini kidogo.

Mei na Juni napenda mimi binafsi, ingawa wengi hawanielewi. Wakulima wanaingiza maji kwenye matuta kabla ya kupanda, mlima mzima unang'aa, na wageni ni wachache. Ila ujue unacheza na mwanzo wa mvua. Julai na Agosti simshauri mgeni hata kidogo, na mwanzo wa Septemba bado si salama, kwa sababu ni msimu wa vimbunga. Septemba 2024 kimbunga Yagi kilipiga pwani ya kaskazini, lakini kilichoua zaidi kilikuwa mvua iliyofuata ndani ya bara: kijiji cha Lang Nu, mkoa wa Lao Cai, kilifukiwa na tope na makumi ya watu wakafa. Kimbunga kinaweza kutua mbali nawe mamia ya kilomita na mlima ukakuangukia siku tatu baadaye. Kwa hiyo jua likirudi usikimbilie barabarani. Udongo ukishanywa maji unaendelea kuteleza hata anga ikiwa ya buluu. Ukiona vijiwe vimetawanyika kwenye lami bila gari lililovimwaga, au maji ya kahawia yanatoka ubavuni mwa mlima mahali pasipo na kijito, geuza. Waulize madereva wa malori wanaotoka mbele. Wao ndio wenye habari za leo.

Desemba hadi Februari kuna baridi ambayo mtu wa Dar haijui. Kila mita 1,000 unazopanda hupunguza nyuzi kama sita, na upepo wa mwendo unazidisha. O Quy Ho, kipito cha mlimani karibu na Sapa, iko kwenye mita 2,000 hivi. Kuna siku za Januari barafu inashika majani. Vaa nguo nyembamba nyingi badala ya koti moja nene, juu kabisa kitu kisichopitisha upepo, na glavu zenye maana. Kidole kilichokufa ganzi hakiwezi kubana breki. Februari na Machi yanaongezeka manyunyu na ukungu: hainyeshi, ila hukauki, na kwenye kona hujui lori liko wapi. Halafu kuna Tet, mwaka mpya wao, unaoangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari hivi. Siku zile mafundi wamefunga, nyumba za wageni zimefungwa au zimepandisha bei, na vijijini pombe inamwagika. Kaa mahali pamoja, ule na wenyeji, usisafiri.

Kuhusu moshi nitasema wazi, kwa sababu vitabu vya watalii vinaita miezi hiyo "kiangazi" na kukuachia hapo. Kuanzia Februari mpaka Aprili, kaskazini mwa Thailand na Laos, watu wanachoma mashamba: mabua ya mahindi, misitu ya kukatwa na kulimwa upya. Mabonde yanafunikwa na hewa baridi isiyopanda, moshi unakwama. Machi jiji la Chiang Mai huwa miongoni mwa yenye hewa chafu kuliko yote duniani. Barabara ni kavu, lakini mlima ulioufuata huuoni, macho yanawasha, kifua kinabana. Mzunguko wa Mae Hong Son, kaskazini mwa Thailand, kilomita 600 hivi na kona ambazo wenyeji wanakuhesabia kuwa 1,864, ni wa Novemba hadi Januari. Mlima Doi Inthanon, mita 2,565, asubuhi za Desemba na Januari hushika umande wa barafu, na Wathai wenyewe hupanda alfajiri kuja kuushangaa.

Kama muda ulio nao ni Februari hadi Aprili tu, basi geuza safari nzima: anzia kusini. Nyanda za Da Lat na Kon Tum ni kavu, Vietnam ya kati imeshatulia, na unapanda na tawi la magharibi la barabara ya Ho Chi Minh. Kutoka Khe Sanh hadi Phong Nha ni zaidi ya kilomita 200 za msitu na vituo vya mafuta ni haba. Jaza tangi, beba chupa mbili za ziada, na uanze alfajiri. Ukifika Ha Giang mwishoni mwa Aprili, ukungu umepungua na mvua kubwa bado. Katikati ya Aprili kaa Vietnam, maana tarehe 13 hadi 15 Thailand wanasherehekea Songkran na Laos nao mwaka wao mpya karibu siku hizohizo: ndoo za maji zinamwagiwa waendesha pikipiki wakiwa kwenye mwendo, na madereva wengi wamelewa.

Panga kwa saa, si kwa kilomita. Kilomita 150 milimani ni siku kamili. Sisi tumezoea jua kuzama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Kule kaskazini mwa Vietnam, Novemba na Desemba linazama saa kumi na moja na robo jioni, na ukungu unatangulia. Saa tisa uwe umeshajua utalala wapi. Msimu wa mvua, maji huja zaidi alasiri, kwa hiyo ondoka saa kumi na mbili asubuhi umalize kazi mchana.

Pikipiki ya cc 110 hadi 150 yenye gia inatosha kabisa, na kila kijiji kina fundi anayeijua. Skuta ya otomatiki iache mjini: kwenye mteremko wa kilomita kumi utaning'inia kwenye breki mpaka zichemke. Shuka na gia ileile ambayo ungepandia. Kabla ya kulipa, angalia tairi la nyuma, kaza cheni, jaribu breki zote mbili ukiwa na mzigo. Koti la mvua liwe la suruali na jaketi, si lile la kujifunika linalopepea na kunaswa gurudumuni.

Anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda ajue Thailand wanaendesha kushoto kama kwetu, Vietnam na Laos kulia. Wa Kongo, Rwanda na Burundi hapo wametuzidi. Hatari si siku ya kwanza. Ni siku ya tano, umesimama kando kunywa kahawa, unarudi barabarani na kichwa kinakupeleka upande wa nyumbani.

Leseni ya kimataifa iwe na muhuri wa daraja la pikipiki, si gari tu. Vietnam inatambua ile ya Mkataba wa Vienna wa 1968. Mwaka umechapishwa kwenye jalada, usome kabla hujatoka ofisini. Bila hiyo, bima ya matibabu itakuwa na sababu nzuri ya kukukatalia. Laos, hasa mkoa wa Xieng Khouang, usitoke kwenye njia iliyokanyagwa hata kwa haja ndogo. Ardhi bado ina mabomu ya 1964 hadi 1973 ambayo hayakulipuka.

Jambo la mwisho ni siku za akiba. Kwa kila wiki ya milimani acha siku moja isiyo na mpango, mbili kama ni msimu wa mvua, na tiketi ya kurudi ikatwe ile inayobadilishika tarehe. Kinachowafanya watu wajaribu kuvuka tope lililoziba barabara mara nyingi ni kuwahi ndege ya kesho asubuhi.