Kabla mtoto hajabonyeza, abashiri kwanza

Mwalimu mwenzangu unayeanza kufundisha somo la maji kwa kompyuta, nakuomba ushike jambo moja: mtoto asibonyeze chochote kabla hajasema anadhani kitatokea nini.

Mimi nilichelewa kulijua. Katika kipindi changu cha kwanza watoto walikuwa wametulia, macho yote kwenye skrini, nikatoka darasani nimefurahi. Kesho yake nikawauliza maji ya dimbwi lililokauka yamekwenda wapi. Wengi wakajibu, "Yameisha." Na ndio hao waliokuwa wakipandisha matone angani kwa kipanya! Kwao ulikuwa mchezo wa kuburuta picha tu.

Tangu hapo nawaketisha wawiliwawili, mmoja na kipanya, mwingine na karatasi, kisha wanabadilishana. Nafungua programu inayoonyesha chembe za maji, naisimamisha, nauliza: tukiongeza joto, chembe zitakuwaje? Aghalabu wanazichora zimenenepa. Tukibonyeza, wanaona ukubwa wake ni uleule, ila zinakwenda mbio na kuachana. Mtoto aliyekwisha kuchora jibu lake hapo haondoi macho. Programu za PhET za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder zinafaa sana kwa kazi hii. Ni za bure, na nyingi hufanya kazi bila intaneti ukishazipakua. Zipakue siku moja kabla.

Skrini iachie yale ambayo jicho haliwezi kuyaona. Yanayoshikika, yashikwe. Weka mezani, mbali kidogo na mashine, glasi ya maji ya barafu yaliyotiwa rangi. Nje ya glasi yatatokea matone, na watoto watasema maji yamepenya. Wafute kwa karatasi nyeupe: mbona hayana rangi? Ukifika hapo, rudi kwenye chembe za mvuke zilizomo hewani, nao watakuelewa haraka.

Chunguza pia michoro ya programu yenyewe. Nyingine huchora mvuke kama moshi mweupe, ilhali mvuke wa maji hauonekani. Wingu ni matone madogo mno yaliyokwisha kutokea. Mishale ya mzunguko wa maji nayo humfanya mtoto aamini kwamba kila tone hupita bahari, wingu, mlima, mto, basi. Mwambie wazi kwamba mvua nyingi hurudi kunyesha baharini.

Takwimu ziache mwisho. Waambie wakisie kwenye skrini: maji yote ya dunia yakiwa vijiko 100, vya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ni vingapi? Mara nyingi nasikia 50. Kisha tunapima kwa vijiko vya kweli: karibu 97 ni maji ya chumvi, na katika vitatu vinavyobaki, viwili hivi ni barafu. Kile kimoja kilichobaki, sehemu yake kubwa iko chini ya ardhi. Napenda kukipitisha mkono kwa mkono, darasa zima, kisimwagike.