Jibu: Digrii yangu ni ya hesabu, nataka uzamili wa uigizaji

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama digrii ya hesabu itakukwamisha, na uende na kipande gani cha kuigiza kwenye usaili. La kwanza lisikunyime usingizi. Shule nyingi zinachotaka ni shahada ya kwanza, iwe ya fani yoyote. Yale, chuo kikuu cha Marekani, inapokea hata asiye na digrii, ila huyo anahitimu na cheti badala ya shahada. Darasani kwetu alikuwepo mtu aliyetokea uuguzi, na wengi wetu alituacha mbali kwa nidhamu.

La pili ndilo lenye kazi. Kwa kawaida utatakiwa kuandaa vipande viwili vinavyotofautiana, mara nyingi kimoja cha kale na kimoja cha kisasa, kila kimoja kama dakika mbili au pungufu. Watu hukimbilia vilio. Jopo lililokaa tangu asubuhi limeshaona machozi mpaka limekinai. Tafuta mahali ambapo mhusika anamtaka mwenzake afanye kitu: asiondoke, akiri, alipe. Hapo unapata kazi ya kufanya. Mhusika anayesimulia tu yaliyompata zamani atakuacha umesimama kama msoma taarifa ya habari. Na uangalie umri wako. Una miaka 26, Mfalme Lear, yule mzee wa Shakespeare, mwache kwanza apumzike.

Ambacho sijaona mtu akikigusa humu ni kinachotokea ukishamaliza kuigiza kipande chako. Wakivutiwa nawe, mara nyingi watakwambia urudie kwa namna nyingine. Mimi nilikwenda na Launce, yule mtumishi wa kwenye Shakespeare anayemlaumu mbwa wake kwa kutotoa hata chozi siku ya kuagana na familia. Anavua viatu vyake, kimoja kiwe baba, kingine kiwe mama. Nilikuwa nakicheza kwa vichekesho, mikono juu juu. Mama mmoja kwenye jopo akasema, "Rudia, lakini keti chini, na huyo mbwa ndiye pekee uliyebaki naye duniani." Nikaketi. Sauti ikashuka yenyewe, na nilipofika kwenye kiatu cha mama nikajikuta nimekipakata, jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Kicheko chao kilichelewa kidogo, na kilikuwa cha aina nyingine kabisa.

Pale hawapimi kama mara ya pili ilikuwa bora. Wanataka kuona kama unaweza kuachia ulichokariri ukapokea maelekezo, kwa sababu hiyo ndiyo itakuwa shughuli yako kila siku ukiingia. Kwa hiyo fanya mazoezi na rafiki mkorofi: akuamuru useme kwa kunong'ona, useme huku unapanga nguo kwenye begi, useme kwa mtu unayemdai. Kipande kikivurugika, ujue ulikariri maneno pamoja na mikono yake.

Barua ya mapendekezo ichukue kwa mwongozaji aliyekuona mazoezini, siyo kwa mwenye cheo kikubwa asiyekufahamu. Kwenye maelezo binafsi, habari za kupenda jukwaa tangu utotoni ziache, kila mwombaji anazo. Sema usichokiweza bado, na kwa nini pale ndipo utakapojifunza.

Sasa pesa, na hapa mimi ni mkali. Mwaka 2021 Yale ilifuta ada kwenye shule yake ya tamthilia baada ya mchango wa dola milioni 150 kutoka kwa David Geffen, tajiri wa muziki na filamu, na Juilliard, shule ya sanaa ya New York, ikafuta ada ya uzamili wa uigizaji mwaka 2024. Waombaji ni wengi mno huko, lakini omba. Usiishie hapo tu: Marekani kuna usaili wa pamoja wa URTA, umoja wa vyuo na kampuni za tamthilia, unaonekana na vyuo vingi kwa mpigo. Uingereza kozi nyingi za uzamili (MA) ni za mwaka mmoja, ila ada ya mwanafunzi wa kigeni ni mzigo. Kabla hujalipia fomu yoyote, waulize waliohitimu wametoka na deni kiasi gani. Mimi niliwahi kukataa nafasi kwa sababu ya mkopo na sijutii. Kipato cha mwigizaji anayeanza hakitabiriki, marejesho ya mkopo yana tarehe.

Ukipata vipande viwili vitatu, vitupie hapa tuvichambue. Kama kimojawapo ni cha Hamlet ya Shakespeare, tafuta kingine kwanza.