Teke la gobore kubwa: namna bega langu lilivyojifunza kulipokea

Siku ya kwanza kupiga gobore la geji 8 nililikumbatia kama mtu anayesubiri kupigwa: meno yameumana, mabega yamepanda hadi masikioni, mwili mzima umekakamaa. Nilikuwa nimeketi, viwiko juu ya meza, kifua kimebana ukingo wake. Moshi mweupe ulipotawanyika niliona damu mkononi. Kidole cha kati kilikuwa kimechanika pale kilipogongwa na kile chuma cha duara kinachokinga kifyatulio, na bega lilibaki jeusi wiki mbili. Ni miaka sita sasa tangu siku ile, huku Indiana ninakoishi, na gobore ni lilelile.

Tuanze na ukubwa wenyewe. Chukua ratili moja, yaani karibu nusu kilo, ya madini ya risasi, igawe mafungu 8 sawa, kila fungu ulifanye duara. Duara hilo ndilo linaloenea mtutu wa geji 8. Lina upana wa milimita 21 na uzito wa gramu 57 hivi, yaani ni kubwa kuliko gololi wanazochezea watoto. Geji 4 ni robo ratili kwa kila risasi. Babu yangu kule Tabora alikuwa na gobore la kupigia kanga, jepesi, la marisau, nami nilidhani kwa kulizoea lile nimeshajua teke la bunduki. Hapana, havilingani hata kidogo.

Watu wengi hudhani dawa ya teke ni ubavu. Dawa ya kwanza ni uzito wa bunduki. Gobore langu linakaribia kilo 7, na kulibeba kutwa ni adhabu, lakini silipunguzi hata gramu moja. Mzigo uleule, yaani baruti na risasi, ukiutia kwenye bunduki ya kilo 3.5, bunduki hiyo inarudi kwa kasi mara mbili, na nguvu inayoingia begani ni mara mbili vilevile. Tena usihesabu risasi peke yake. Gramu 12 za baruti nyeusi nazo zinatoka mdomoni, zikiwa moshi na masizi, kwa kasi kubwa, na zinalipiza huku nyuma.

Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho, kusini mwa Tanzania ya leo, Januari 1917 na kuzikwa hukohuko, aliwinda tembo kusini mwa Afrika miaka ya 1870 kwa magobore ya geji 4 yenye uzito wa karibu kilo 6 tu, baruti akiichota kwa mkono kutoka mfukoni. Baadaye aliandika kwamba bunduki zile zilimharibia utulivu wa kulenga, na kwamba alijuta kuzitumia. Namwelewa kabisa. Geji 4 kwa kilo 6 singempa hata mtu nisiyempenda.

Sasa mwili. Aliyenifundisha ni mzee mmoja niliyekutana naye Friendship, kijiji cha hapa Indiana ambako wapiga magobore wa Marekani hukusanyika kila mwaka kwa mashindano. Jambo la kwanza alilofanya ni kunitoa mezani. Ukiketi umebanwa na meza, bega halina pa kwenda, kwa hiyo linameza teke lote. Simama. Mguu wa kushoto mbele, goti lake limelegea kidogo, uzito wa mwili umeegemea mbele kuliko nyuma. Kitako kiingie kwenye kile kibonde kati ya mtulinga na mkono, si juu ya mfupa, si kwenye msuli wa mkono. Kivute kwa nguvu hadi kishikamane na bega, maana nafasi ya hata upana wa kidole inatosha kugeuza msukumo kuwa ngumi. Halafu bunduki ikirudi, rudi nayo. Mimi huwa napiga hatua moja nyuma, na hiyo hatua ndiyo inayolinda bega.

Shavu ulibane kwenye mti wa bunduki, usilitenge kwa woga. Shavu lililo mbali ndilo linalopigwa. Kidole gumba cha mkono wa kulia ukilaze ubavuni, kisivuke juu ya shingo ya kitako, la sivyo kitakutafuta puani. Na kile cha kati kikae mbali na chuma cha kifyatulio. Kovu langu lipo mpaka leo.

Anza na baruti kidogo. Nilirudi kwenye gramu 6, nikapiga hivyo miezi miwili kabla ya kupanda taratibu. Risasi tano au sita kwa siku zinatosha, kwa sababu mwili ukichoka huanza kushtuka kabla ya mlipuko: macho yanafumba, bega linasukuma mbele, risasi inachimba ardhi. Ukiona hivyo, mwombe mwenzako akuandalie bunduki wewe ukiwa umegeuka, mara nyingine apakie, mara nyingine aweke fataki tupu, kile kikopo kidogo kinachowasha baruti, bila baruti wala risasi. Fataki ikilia peke yake utaona mdomo wa bunduki ulivyoyumba. Mimi nilipoona wangu nilinyamaza kwa muda. Masikio uyakinge mara mbili, vizibo ndani na vifuniko juu, maana sehemu kubwa ya woga huingia kwa sikio.

Kupakia ndiko kunakoua, na hapa sina masihara. Baruti nyeusi tu, kamwe si baruti ya risasi za kisasa. Ipime kwenye kipimo kwanza, usiimimine moja kwa moja kutoka kwenye chombo chake, kwani huenda kuna kaa limebaki ndani ya mtutu. Risasi ikae juu ya baruti kabisa. Ukiacha nafasi katikati, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Fataki ikilia na bunduki ikakataa, iache imeelekea kwenye shabaha na usubiri dakika nzima.

Selous aliwahi kupatwa na hilo. Bunduki ilikataa, kisha ikashindiliwa mzigo mwingine juu ya ule wa kwanza. Alipofyatua alinyanyuliwa juu, akaanguka kifudifudi mchangani, shavu limepasuka, mkono wa kulia haunyanyuki. Kitako kilikuwa kimefungwa kwa ngozi ya ndani ya sikio la tembo, iliyovalishwa mbichi ikakauka ngumu kama chuma, na bado kilivunjika vipande.

Kwenye mdeki wangu, ule ufito wa kushindilia mzigo mtutuni, nimechonga alama mbili kwa kisu: moja ya mtutu mtupu, nyingine ya mtutu uliopakiwa. Kabla ya kumimina baruti nautumbukiza mpaka chini, naweka ukucha wa kidole gumba kwenye alama, natazama. Mzee yule ana zaidi ya miaka sabini, naye hufanya hivyohivyo kila risasi.