Maswali ya Wasomaji: Amana iko California, mwenyewe yuko Tudor

SWALI: Assalam alaykum. Nilipokuwa Oakland niliandikisha amana (trust) ya nyumba yangu ya huko, yaani hati ya kuiweka mali chini ya msimamizi kwa ajili ya wanufaika, ile ambayo mwenyewe anaweza kuibadilisha akiwa hai. Ndugu yangu niliyemtaja awe mdhamini, yaani msimamizi wa amana, baada yangu amefariki. Nimelikata jina lake kwa kalamu, nikaandika la binti yangu pembeni na kutia sahihi. Yatosha? Na kiwanja changu cha Mtwapa, naweza kukiingiza humo? – Msomaji, Tudor, Mombasa.

JIBU: Wa alaykum salaam, mzee wetu. Hati ya asili usiitie kalamu tena. Neno lililokatwa halisemi limekatwa lini wala na nani, na hapo ndipo warithi hupata la kugombania.

Tafuta kwanza kifungu kinachoeleza namna ya kurekebisha. Hati nyingi hutaka maandishi yenye sahihi yako, yakabidhiwe mdhamini ungali hai. Kama mdhamini wa sasa ni wewe mwenyewe, unajikabidhi. Sheria ya California nayo ina njia kama hiyo hiyo, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kuwa njia ya sheria yafaa kwa marekebisho pia, ila pale hati iliposema wazi kuwa njia yake ndiyo pekee. Hata hivyo fuata ya hati. Yanini kumwachia binti kesi?

Andika karatasi mpya, uiite Marekebisho ya Kwanza. Taja jina la amana na tarehe yake ya asili kama vilivyo, herufi kwa herufi. Taja namba ya kifungu kinachoondolewa, kisha kiandike kipya chote kuanzia mwanzo hadi mwisho, si jina peke yake. Malizia kwa kusema kuwa vifungu vingine vyote vinabaki vilivyo. Weka tarehe na sahihi. Na mtaje mtu wa pili, endapo binti hataweza.

California hailazimishi muhuri wa mthibitishaji (notary, afisa anayeshuhudia sahihi) kwa marekebisho, lakini hati yako yaweza kuutaka, na benki huuamini. Ubalozi wa Marekani kule Nairobi hutoa huduma hiyo kwa miadi, dola 50 kwa kila muhuri. Nenda na pasipoti, na usitie sahihi mpaka uwe mbele ya afisa. Ukitangulia kusaini nyumbani umepoteza nauli.

Kama amana mliiandika wewe na mkeo, na nyumba ni mali mliyochuma pamoja, marekebisho yanahitaji sahihi zenu nyote wawili isipokuwa hati imesema vingine.

Marekebisho yakifika matatu au manne, viraka vinazidi nguo. Hapo mwambie wakili aiandike hati yote upya huku akihifadhi jina na tarehe ya asili, ili nyumba ibaki ilivyosajiliwa. Ukiifuta kabisa na kuanzisha nyingine, nyumba itabidi ihamishwe upya, na ikisahauliwa inabaki nje ya amana. Akaunti ya uzeeni na bima ya maisha zina fomu zake za kutaja mnufaika. Kubadilisha amana hakuzigusi.

Kiwanja cha Mtwapa kiache nje. Ardhi ya Kenya inafuata sheria ya Kenya, na kwa Mwislamu mirathi yake inafuata sheria ya Kiislamu: ukiandika wasia, mwisho wake ni thuluthi ya mali, na mrithi hausiwi ila warithi wenziwe waridhie. Ukitaka binti akipate sasa, mpe hiba na umkabidhi kweli kweli, pamoja na kuhamisha hatimiliki.

SWALI: Babu aliweka nyumba ya Mji wa Kale wakfu kwa kizazi chake. Twaweza kubadilisha masharti, kama hao wa Marekani? – Msomaji, Kibokoni.

JIBU: La. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi hapa pwani, wakfu ukishafungwa haurudishwi, hauuzwi wala haurithiwi, na masharti ya mwenye kuuweka ndiyo yanayofuatwa. Anayeweza kubadilishwa ni msimamizi, akifa au akila mapato. Pelekeni hati ya wakfu kwa Kamisheni ya Wakfu au kwa Kadhi, na mchukue na orodha ya wanufaika walio hai, maana ndiyo itakayoulizwa mwanzo.