Video bila ramani ni tamthilia tu

Ripoti ya binti yangu imetoka wiki hii. Maarifa ya Jamii: A. Nimeipiga picha nikairusha kwenye grupu la ukoo, na wala sioni haya. Mwaka jana mwalimu mmoja aliniambia mbele ya wazazi wenzangu, "Mama, mtoto wako ni mzito, mtafutie tuisheni." Mzito! Mtoto anayejua bei ya dagaa pale soko la Mwaloni kuliko mimi.

Tuisheni sikumpeleka. Nikaamua kumfundisha mwenyewe nyumbani, jioni na wakati wa likizo. (Shule anaenda kama kawaida. Elimu ya msingi ni lazima kisheria, kwa hiyo mnaonipigia kuuliza namna ya kumtoa mtoto shule moja kwa moja, hapo mimi simo.)

Wengi mnauliza natumia vitabu gani. Ni vilevile vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania, vinasomeka bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni. Nimeongezea atlasi kuukuu ya mtumba. Video nazipakua kazini kwenye waifai, maana bando halina huruma. Basi, hakuna uchawi.

Kazi iko kwenye ramani. Haiondoki mezani. Jioni moja tulikuwa tunaangalia video ya Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, wakubwa wa Ulaya walipokaa kuwekeana masharti ya kujitwalia Afrika. Ikatokea sura ya mzee wa masharubu mazito, msimulizi akamtaja: Otto von Bismarck. Binti akairukia simu, akaisimamisha. "Mama! Bismarck wa lile jiwe?"

Huyohuyo. Jiwe ambalo kila mgeni akishuka Mwanza lazima apige nalo picha limebeba jina la chansela wa Ujerumani aliyeongoza mkutano ule. Tukafungua atlasi. Akaweka kidole Mwanza, akakipandisha kaskazini juu ya maji ya Ziwa Victoria, akakuta mpaka wetu na Uganda umenyooka kama uliopigwa rula. "Sasa nani alichora mstari ziwani?" Nikamwonyesha latitudo ya nyuzi 1 Kusini, nikamweleza mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Akaandika kwenye daftari lake: "Sangara anavuka bila pasipoti." Hilo swali hakuna tuisheni iliyomfundisha, na yule mwalimu natamani angekuwepo.

Tusidanganyane, wazazi wenzangu. Kumwachia mtoto simu ukamwambia "angalia historia" kisha ukaingia zako jikoni, hujafundisha kitu. Kaa naye. Simamisha video, muulize: hapa ni wapi? Endelea kidogo, simamisha tena, muulize: na hapa? Atakuchukia siku za mwanzo. Na kina baba mnaolipia kisimbusi kwa ajili ya mpira, mnunulieni mtoto atlasi.

Pa kwenda kujionea napo mpeleke. Sisi tulikwenda Bujora, kule Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Kitabuni utawala wa watemi, yaani wafalme wa Wasukuma, ulikuwa orodha ya kukariri. Pale alisimama mbele ya ngoma zao, ndani ya jengo lenye umbo la kiti cha enzi, akamuuliza mwongozaji maswali mpaka nikaanza kumvuta mkono tuondoke.

Kwa sasa tuko kwenye mada ya uchukuzi. Daraja la Kigongo–Busisi, linalokatiza ziwa kuelekea Sengerema kwa urefu wa kama kilometa 3, lilizinduliwa Juni 2025 na video zake zimejaa tele, zote za kusifia. Nimempa kazi: aandike nani amepona adha ya kusubiri kivuko, na wachuuzi walioishi kwa ile foleni wanauza wapi siku hizi. La pili halimo kwenye video yoyote tuliyoangalia, kwa hiyo Jumamosi tunapanda basi la Sengerema akawaulize wenyewe.