Nimetumia unga wa mwarobaini sukari imeshuka, niache vidonge?

SWALI: Habari dokta, pole na kazi. Mi nina miaka 52, mwaka jana nilipimwa nikakutwa na sukari na ini lina mafuta, nikaanzishiwa metformin. Miezi mitatu sasa nakunywa na unga wa majani ya mwarobaini alionipa shemeji, na soda nimeacha kabisa, sukari imeshuka vizuri sana. Shemeji anasema kuna utafiti, panya walipona. Sasa niache vidonge nibaki na majani? Na kama imethibitishwa mbona hospitali hawatuandikii?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na umefanya la maana kuuliza mapema, wengi wananiandikia wakiwa wameshaacha dawa wiki kadhaa. Vidonge usiache.

Tuanze na hao panya. Panya wa maabara mara nyingi anachomwa kemikali inaitwa streptozotosini, inaua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na yule wa ini anapewa sumu kama kaboni tetrakloridi au parasetamo nyingi mpaka ini linaumia, ndo anajaribishiwa majani. Sukari yako wewe haikuja hivyo. Kwa umri wako na hilo ini lenye mafuta, kwa kawaida insulini inakuwepo ila mwili hauisikii, na hali hiyo inajengeka miaka na miaka. Kwahiyo panya akipona maana yake dawa inastahili kuendelea kuchunguzwa, bado hajakwambia chochote kuhusu wewe.

Na usidhani nadharau mimea, hiyo metformin yenyewe asili yake ni mmea! Unaitwa Galega officinalis, ndani yake kuna galejini inayoshusha sukari lakini ina sumu, wanakemia wakahangaika na kemikali za ukoo huo mpaka mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya metformin kwa wagonjwa wa kisukari.

Ila kuna mingine ikifika kwa watu inakwama. Silimarini, inayotoka kwenye mmea wa Silybum marianum, ina sifa kubwa ya kutibu ini, Marekani wakaipima kwa watu 154 wenye homa ya ini C sugu, wengine wakapewa dawa kwa dozi kubwa, wengine kidonge kitupu kinachofanana nayo, na mgonjwa hajui kameza kipi. Wiki 24. Majibu yalitoka 2012, vimeng'enya vya ini, ambavyo hupanda kwenye damu ini likiumia, havikushuka zaidi kwa waliomeza dawa kuliko waliomeza kidonge kitupu.

Hicho kidonge kitupu ndo kinachokosekana kwenye habari yako. Umekunywa majani, umemeza metformin, umeacha soda, vyote kwa pamoja, sasa nani kashusha sukari? Mi ukiniuliza nitaanza kuitaja soda na metformin. Na kama uzito nao umepungua ndo kabisa, maana mtu mnene akipungua asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake ini lenyewe linapungua mafuta na uvimbe, na hilo limepimwa kwa binadamu.

Kuhusu hospitali kutokuandika, unga wa mwezi huu na wa mwezi ujao si kitu kimoja, udongo, msimu na namna ya kukausha vinabadilisha nguvu yake, sasa daktari akuandikie vijiko vingapi? Af ini ndo linachakata kila unachomeza na lako tayari lina mzigo. Hata chai ya kijani, ambayo kikombe chake hakina shida, ikikamuliwa ikawa vidonge inaweza kuumiza ini, Ulaya mwaka 2018 walitoa tahadhari juu ya dozi za kuanzia miligramu 800 kwa siku za EGCG, kemikali kuu ya chai hiyo.

Ningekuwa wewe ningesimamisha unga kwa miezi mitatu, metformin iendelee na soda ibaki hukohuko ilikotupwa. Kabla ya kusimamisha pima HbA1c, inaonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, pamoja na ALT na AST, ndo vile vimeng'enya vya ini, halafu rudia mwishoni, na daktari wako umwambie ukweli kuhusu huo unga hata kama unaona aibu. Ila ukiona macho ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi au mwili unawasha bila vipele, usisubiri miezi, nenda hospitali siku hiyohiyo na huo unga uubebe wauone.